Moja Kumi na Moja Mstarini

Mtu angetegemea niseme kwamba kilichoninyima usingizi miezi ile ni kifo cha baba. Sivyo. Msiba ulinichosha, na mtu aliyechoka hulala. Kilichoniamsha na kuniacha macho wazi chini ya dari ya udongo ya tembe yetu ilikuwa shaka ya hesabu: je, baki nililolipata lilikuwa la kweli, au nilikosea kuzidisha mahali fulani katikati ya njia?

Siku ya mwisho ya masomo yetu kule Uganda, mwalimu wa hesabu, Mwingereza mwembamba aliyefundisha huku akitazama dirishani, aliandika ubaoni namba zinazoundwa na tarakimu ya moja peke yake. Kumi na moja, alisema, haigawanyiki ila kwa moja na kwa yenyewe. Namba ya namna hiyo ni tasa. Lakini 111 ni 3 mara 37. Namba yenye moja tano inavunjika kuwa 41 mara 271. Yenye moja saba ni 239 mara 4649. Kisha akaandika moja kumi na moja mfululizo, 11111111111, akauliza, "Na hii?" Kengele ikalia. Akapangusa chaki mikononi, akatutakia safari njema, na sisi tukaenda kufunga mizigo. Wenzangu waliiacha ubaoni. Mimi niliibeba kwenye lori mpaka Mbulu, nikiigawa kichwani kila tulipokwama kwenye tope.

Kutoka Mbulu nilitembea kwa miguu kwenda kwetu Bashay. Njiani watu niliowajua tangu utotoni waliniona kwa mbali wakaacha njia, wakapita majanini. Nikadhani ni kwa sababu ya suruali niliyovaa. Nikawaza kwamba wameniona nimekuwa mtu mwingine, labda natembea kwa majivuno, labda viatu vinalia sana. Nikajaribu kutembea polepole ili nisionekane na haraka ya kizungu. Kumbe walijua ninakokwenda na wasichotaka ni kuwa wa kwanza kuniambia.

Mama alikuwa amesimama mlangoni. Aliponiona akainua mkono.

"Usiingie," akasema.

Nikacheka. Nilidhani ananitania, kwa kuwa nilikaa miaka bila kurudi. Nikampita, nikaingia, nikachukua kibuyu chake cha maji pale kilipokuwa siku zote nikanywa mpaka nikaridhika. Niliposhusha kibuyu ndipo nikaona kigoda cha baba kimelazwa ubavu ukutani. Mama alikuwa bado amesimama palepale mlangoni, ananitazama.

"Tangu lini?" nikauliza.

"Tangu mvua za kwanza. Nimekwambia usiingie."

Kwetu nyumba iliyofiwa hutengwa. Hali hiyo tunaiita metimani. Waliomo hawaingii kwa mtu wala hakuna anayeingia kwao; moto wao hauazimwi, maji yao wanachota mahali pao, ng'ombe wao hawachungwi na wa jirani, na njiani ni wao au wengine, si wote kwa pamoja. Hukaa hivyo mpaka wazee waseme imetosha, na kwa mjane huwa ni miezi mingi. Si chuki. Watu hao hao waliokwepa njia ndio waliomzika baba kwa heshima zote. Mimi niliyekuwa mbali ningeweza kuhesabiwa nje ya jambo hili kama ningesimama mlangoni na kusikiliza. Lakini nilikunywa kwenye kibuyu chake, na kwa maji yale nikawa ndani pamoja naye.

Jambo hilo lingekuwa jepesi kama nisingekuwa na kazi inayonisubiri. Nilikuwa nimepangiwa kufundisha hesabu katika shule ya kati ya Mbulu muhula ukifunguliwa.

Basi nikawa na siku ndefu na mtu mmoja wa kuongea naye, na mtu huyo hakuwa msemaji. Asubuhi tulipalilia. Shamba la baba lilikuwa la kulimwa na majirani wote kwa siku moja, wakija na majembe yao na jioni wakinywa pombe waliyoandaliwa, lakini mwaka ule hakuna ambaye angekuja, na magugu hayakuwa na habari ya msiba. Mchana mama alikwenda kwa ndama wake. Mimi nikakaa kivulini mwa ukuta na kibao changu cha shule, kile cheusi cha utotoni, na namba yangu.

Niliijaribu kwanza kwa njia niliyofundishwa chuoni. Kuna kanuni inayosema hivi: chukua mbili, izidishe kwa yenyewe mara nyingi mpaka ufike kipeo kilicho pungufu kwa moja kuliko namba unayoichunguza, kisha gawanya kwa namba hiyo. Kama namba ni tasa, baki ni lazima liwe moja. Likiwa kitu kingine chochote, namba inavunjika. Kazi hiyo haihitaji kuzidisha mabilioni ya mara. Unafika huko kwa kuzidisha kila jibu kwa lenyewe, ukigawa kila hatua na kushika baki tu ili namba zisikue, na kwa namba yangu hatua hizo ni zaidi kidogo ya thelathini. Lakini kila hatua ni namba ya tarakimu kumi na moja mara namba ya tarakimu kumi na moja, kwenye kibao ambacho inabidi kifutwe ili hatua inayofuata ipate nafasi.

Nilimaliza. Baki halikuwa moja. Lilikuwa namba ndefu isiyo na sura yoyote.

Kwa hiyo inavunjika, nikajiambia. Nikafurahi mpaka jioni. Kisha nikalala, na nikiwa nimelala ndipo nikaona kasoro. Kanuni ile inasema namba inavunjika, haisemi inavunjikia wapi. Hainipi kipande hata kimoja cha kushika. Na kama nilikosea tarakimu moja tu katika hatua yoyote, kosa lile lingenipa namba ndefu isiyo na sura vilevile. Nilikuwa nimekagua kila hatua kwa kutoa tisa, yaani kujumlisha tarakimu na kuondoa tisa tisa, lakini ukaguzi huo hauoni tarakimu mbili zilizobadilishana nafasi. Huenda niliandika 73 badala ya 37. Kibao kimeshafutwa. Jibu la kweli na jibu la uzembe vingefanana kabisa, na mimi nilikuwa nimelala katikati yake.

Njia pekee ya kutoka ilikuwa kukipata kigawanyo chenyewe. Nilijua kwamba kigawanyo chochote cha namba ile, ukikigawa kwa ishirini na mbili, lazima kibakize moja. Hiyo ilipunguza kazi. Nikaanza na 23, ikakataa. 67, ikakataa. 89. 199. Nilipaswa kwenda mpaka kupita kidogo laki moja na elfu tano. Nikifika huko bila kitu, basi namba ni tasa, na jaribio langu lilikuwa bovu tangu mwanzo.

Mtu wa tatu katika maisha yangu ya wakati ule alikuwa mchuuzi wa Dongobesh. Tulisoma pamoja darasa la kwanza. Ni Mwislamu, watu wake walitoka Kondoa, na alipita na punda kila baada ya muda akiuza chumvi, sabuni na viberiti. Aliweka vitu vyetu juu ya jiwe ng'ambo ya kijito, akarudi nyuma, ndipo mimi nikavuka kuvichukua.

"Msomi!" alipiga kelele siku ya kwanza. "Hujaoza bado?"

"Bado. Chumvi ipo?"

"Chumvi ipo, sabuni ipo. Unachokosa wewe ni akili, na hiyo siuzi."

"Vuka basi uje ukae. Wewe mwiko wetu unakuhusu nini?"

"Haunihusu hata kidogo. Lakini nikikaa na wewe, Bashay nzima hainunui kwangu hata njiti moja ya kiberiti. Mungu wangu ananiruhusu, wateja wangu hawaniruhusu."

Basi tukaongea kwa kupiga kelele, yeye ameegemea punda, mimi nimekaa kwenye nyasi. Alinitupia karatasi za kaki za kufungia sukari ili niache kufuta kila kitu. Akauliza ninaandika nini. Nikamweleza.

"Kwa hiyo unatafuta namba inayoweza kuigawa hiyo."

"Ndiyo."

"Ukiipata unapewa nini?"

"Sipewi kitu."

"Kuna mtu anaisubiri?"

Nikawaza. Mwalimu wa Uganda alikuwa ameshasahau, nina hakika. "Hakuna," nikasema.

Akamkuna punda shingoni. "Basi angalau hutachelewa," akasema, akaondoka. Nilimsikiliza mpaka kwato za punda zikapotea, halafu nikabaki na kijito.

Mwalimu mkuu wa shule ya kati alikuja mwenyewe kwa baiskeli. Ni mtu wa Upare, mzee, mwenye koti hata wakati wa jua. Hakusimama ng'ambo. Alikuja mpaka uani, akaegemeza baiskeli kwenye zizi, na mama akaingia ndani haraka ili asimwone mgeni akifanya kosa.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Pole na msiba. Nimesikia." Akatazama karatasi za kaki zilizotapakaa chini ya mawe. "Hii ndiyo kazi unayofanya?"

"Ni hesabu tu, mwalimu."

"Naona ni hesabu. Kijana, shule inakaribia kufunguliwa. Afisa elimu ameniuliza mara mbili, na mimi nimemwambia utakuwepo. Sasa nasikia umekaa mwiko. Miaka yote ile Uganda, ulikwenda kusomea kukaa mwiko?"

"Nikija kabla wazee hawajatufungua, wazazi wa huku watawatoa watoto wao."

"Watawarudisha."

"Na wasipowarudisha?"

"Utafundisha wa Dongobesh na wa Katesh. Tatizo lako unajibu maswali ambayo hayajaulizwa." Akashika usukani wa baiskeli. "Nikifungua shule haupo, nafasi anapewa mwingine. Na huyo akishakaa, haondoki kwa sababu wewe sasa umekuwa tayari. Umenielewa?"

"Nimekuelewa. Naomba muda nifikiri."

"Fikiri," akasema, "lakini kwa kiasi."

Sikufikiri kwa kiasi. Nilifikiri nikipalilia, nikichota maji, nikigawa. Nilijua kwamba naelekea kubaki. Hilo lilikuwepo ndani yangu tangu baiskeli ilipotoka uani. Kilichonitesa ni kutojua nabaki kwa sababu gani. Kama nabaki kwa kuwa naamini kwamba maji ya kibuyu yanaweza kumdhuru mtoto wa mtu darasani, basi elimu yangu ni ya bure. Kama nabaki kwa ajili ya mama, hilo ni jambo jema, lakini mama mwenyewe hakuniomba. Na kulikuwa na sababu ya tatu ambayo sikupenda kuitazama: kwamba sijawahi kusimama mbele ya darasa, kwamba naogopa watoto watauliza kitu na mimi nitaganda na chaki mkononi, na kwamba mwiko umenipa mahali pazuri pa kujificha. Nilitaka kujua ni ipi kati ya hizo kabla sijamjibu mwalimu mkuu. Nilijiambia pia kwamba nikishaimaliza namba nitaamua. Kila jioni namba haikuwa imekwisha, na kila jioni nikapata nafuu kidogo, na nafuu ile ikanitia wasiwasi.

Nilimwambia mama habari za kazi.

"Nenda," akasema. "Mimi nitakaa."

"Utakaa na nani?"

"Na hawa." Akaonyesha ng'ombe kwa kidevu.

Jioni ile, alipokuwa akikamua, nilimsikia akimweleza ndama kwa sauti ya chini jinsi mahindi ya upande wa chini yalivyozidiwa na magugu. Alimweleza kirefu, kama mtu anavyomweleza mumewe.

Nilikuwa nimepita elfu kumi. Nilipita elfu ishirini. Namba nilizozikataa zilijaa karatasi, na mkono ulikuwa umezoea hata nikawa nagawa huku nawaza mengine, jambo lililonifanya nirudie nyingi nikihofia kwamba nimeruka. Mchana mmoja wenye mawingu, mlima Hanang hauonekani kabisa upande wa kusini, niliandika 21649. Imebakiza moja kwa ishirini na mbili, sawa. Nikaigawa. Tano, halafu moja, halafu tatu. Mbili. Tatu tena. Likabaki 194841 kwa hatua ya mwisho, na mimi, kwa mazoea, nikazidisha 21649 kwa tisa pembeni ili nione litabaki kiasi gani.

Ikaja 194841.

Nilizitazama namba hizo mbili, moja juu ya nyingine. Hakikubaki kitu. Nikageuza karatasi, nikazidisha upya 21649 kwa 513239, polepole, kama mtoto, mstari chini ya mstari. Zikajipanga moja, moja, moja, mpaka kumi na moja.

Nikasimama. Nilikuwa na hamu ya kumwambia mtu. Nikatembea mpaka kijitoni. Hapakuwa na punda. Kwenye mteremko wa pili kulikuwa na watu wawili wakipita, nikainua mkono, nao wakaacha njia kwa adabu. Nikarudi uani.

"Mama, nimeipata."

"Nini?"

"Namba."

"Ilikuwa imepotea?"

"Hapana. Ilikuwepo siku zote."

Akangoja kidogo, aone kama kuna zaidi. "Basi njoo umshike huyu ndama," akasema, "ananipiga mateke."

Nikamshika ndama. Alikuwa na joto na nguvu, na maziwa yakaanza kulia kwenye kibuyu. Nikiwa nimeinama pale, kidevu kwenye mgongo wake, ndipo nikaona kwamba jaribio la kwanza lilisema kweli. Miezi ile yote nilikuwa nalo jibu. Hata kama nilikosea tarakimu mahali, jibu lenyewe lilikuwa lile lile. Nilikataa tu kuliamini mpaka nione vipande. Namba ilikuwa inavunjika tangu siku ile nilipoiona ubaoni, nijue pa kuivunjia au nisijue. Na kuhusu shule pia jibu lilikuwepo, na nilikuwa nalichelewesha kwa kutafuta limeundwa na nini: woga kiasi gani, imani kiasi gani, mama kiasi gani. Huenda ni vyote vitatu vikizidishana. Huenda sitavitenganisha maisha yangu yote. Lakini shule ilikuwa inafunguliwa kesho yake, na mwalimu mkuu alistahili kusikia neno kutoka kinywani mwangu badala ya kuona kiti kitupu.

"Kesho nakwenda Mbulu," nikamwambia mama.

Mikono yake haikusimama. "Nikuandalie cha njiani?"

"Nitarudi mchana."

Hapo ikasimama kidogo, kisha ikaendelea.

Niliondoka alfajiri ili nisiwalazimishe watu wengi kuacha njia. Shule ilikuwa imezungushiwa ua wa minyaa, na sikuingia ndani yake. Nilisimama nje, nikamwomba mwanafunzi mmoja, nikiwa mbali naye, aniitie mwalimu mkuu. Akatoka na koti lake, akaniona nilivyosimama nje ya ua, akaelewa kabla sijasema.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Mbona huingii?"

"Siingii, mwalimu. Nimekuja kusema sichukui kazi. Nakaa nyumbani mpaka wazee watufungue."

"Unaamini mambo haya?"

"Sijui."

"Mama yako amekuzuia?"

"Amesema niende."

"Sasa sababu ni nini? Afisa elimu atataka sababu."

"Sina moja ninayoweza kuiapia, mwalimu. Mwandikie kwamba nimekataa."

Alinitazama juu ya minyaa. Nyuma yake watoto walikuwa wakipangwa mistari, na mwalimu mwingine, kijana kama mimi, alikuwa akiwapigia makofi wanyamaze.

"Wewe ungekuwa mwalimu mzuri," akasema. "Au mbaya sana. Sasa hatutajua."

"Huenda baadaye, mwalimu."

"Huenda. Nafasi haikai."

"Najua."

Akaitikia kwa kichwa, akarudi ndani. Nami nikashika njia. Nilifika nyumbani mchana, nikavua viatu na suruali ya kizungu, nikafunga shuka. Mama alikuwa ameshaanza mstari wa juu wa mahindi na hakuinua uso. Nikachukua jembe la baba, nikashuka mpaka upande wa chini, mahali magugu yalipokuwa mabaya zaidi, nikaanza kulima nikipandisha mteremko kuelekea kwake.